Jumapili Zao, Usiku Wangu

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ya Witeithie mwezi huu haina huruma. Nilipoamka Rajabu alikuwa ameshaondoka kwenda machinjioni Ruiru. Aliniachia chai kwenye chupa, sukari kibao, kama kawaida yake. Miaka kumi na minne ya ndoa nimemwambia apunguze. Hasikii.

Kazini Thika, kiwandani, siku nzima kwenye mkanda. Makadamia zinapita, sisi tunatoa zilizovunjika, nyeusi, zilizotobolewa na wadudu. Mutheu kando yangu akiimba kwa sauti ya chini, kama kila siku. Gitonga, supavaiza wetu, aliomba kwa muda mrefu sana asubuhi, kisha akatukaripia kwamba tumechelewa kuanza. Maombi hayo ni ya lazima ingawa hakuna mahali yameandikwa. Mimi husimama nyuma, nimeinamisha kichwa, nasema yangu moyoni. Wanajua mume wangu ni Muislamu. Kuhusu mimi hakuna aliyewahi kuuliza. Nusu ya wanawake pale wamefunga vitambaa kichwani, mtandio wangu haumshangazi mtu. Kadi yangu ya kazi imeandikwa Njeri. Nyumbani naitwa Zainabu. Naitikia yote mawili.

Jioni Rajabu alirudi na maini. Binti yetu Salma hataki maini. Ana miaka kumi na miwili na anajua kila kitu duniani. Walibishana mpaka nikawafukuza wote wawili jikoni.

Jumatano, 16 Julai

Rajabu analalamika kifua. Anasema ni kiungulia. Nikamwambia ni ile sukari. Akacheka, akanywa maji ya magadi, akalala. Kesho nitampeleka zahanati, atake asitake.

Alhamisi, 17 Julai

Rajabu amefariki.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika ili niamini. Alianguka machinjioni jana asubuhi, kazi ikiendelea. Wenzake walimkimbiza hospitali. Walipofika, basi. Walinipigia simu nikiwa nafunga mlango kuelekea kazini.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, alikuja kutoka Majengo kabla hata sijajua nikae wapi. Wanaume walishughulikia kibali cha mazishi. Akaoshwa, akavishwa sanda, akaswaliwa baada ya alasiri, akazikwa Thika jua likiwa bado juu. Mimi nilibaki ndani na wanawake. Asubuhi nilikuwa nimepanga kugombana naye kuhusu zahanati. Jioni nyumba ilijaa watu na yeye hayumo.

Kisu chake kililetwa kimefungwa gazetini. Kuna mtu alikuwa amekiosha. Nimekiweka juu ya kabati, mbali na Salma.

Bi Mwanahawa amenieleza eda. Miezi minne na siku kumi, kwa hesabu ya mwezi wa kuandama. Bila manukato, bila hina, bila kujipamba. Nyumba hii ndiyo ya kulala, kila usiku. Nilijua, lakini kujua ni kitu kingine. Nikamuuliza kuhusu kazi. Akampigia imamu, naye amejibu kwamba kwa kuwa hakuna mwingine wa kutulisha, niende mchana, nirudi kabla ya usiku. Sawa. Hilo naliweza.

Jumamosi, 19 Julai

Leo wenzangu wa kazini wamekuja. Sijui nianzie wapi.

Walifika wengi, na sufuria, unga, kreti za soda na nyama. Wanakwaya walikuwa wamevaa sare. Gitonga mbele, na suti. Nilikuwa nimemtumia Mutheu ujumbe wa msiba, na tangu hapo walikuwa wameunda kamati. Mwenyekiti Gitonga. Kiwanda kilikuwa kimeahidi basi. Walishajadili mpaka nani atasoma historia ya marehemu.

Gitonga alikaa, akanipa pole vizuri, kwa heshima. Kisha akauliza, "Sasa Njeri, mwili iko mochari gani, ndio tujue tunapanga aje?"

Nikamwambia tulishazika. Alhamisi.

"Alhamisi gani?"

"Hii imepita."

Mtu mmoja alikuwa anafungua soda, akaiacha kizibo nusu. Gitonga akauliza tena. "Mlizika mtu bila sisi?"

Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. Alikuwa ameumia, kama mtu aliyefungiwa mlango na jamaa yake. Kwao, kumsindikiza mfu ndiyo kumpenda mwenye msiba. Nalijua hilo, nimezaliwa nalo Gatundu. Baba yangu alikaa mochari wiki mbili akisubiri tumalize mikutano. Na katika siku ile nzima ya Alhamisi sikukumbuka kwamba wapo watu wanaosubiri kuitwa.

Bi Mwanahawa aliwaeleza kwamba sisi hatumchelewishi maiti. Walitikisa vichwa. Kisha Gitonga akasema nyama waliyoleta imechinjwa na Muislamu, waliuliza kabla ya kununua. Imetoka Ruiru. Nikajua machinjio. Kuna machinjio gani mengine Ruiru? Labda ni ya Alhamisi asubuhi. Labda ni mkono wake. Sikuweza kuila.

Kwaya iliomba kuimba wimbo mmoja. Nilimwangalia Bi Mwanahawa. Akasema waacheni waimbe, wametoka mbali. Waliimba taratibu. Salma alilia kwa mara ya kwanza.

Alhamisi, 24 Julai

Mutheu kapiga simu. Kuna maneno kazini. Eti mtu mzima hazikwi mbiombio hivyo kama hakuna kinachofichwa. Eti labda hakufa, amenitoroka tu. Watu waliimba katika nyumba yangu Jumamosi, na Alhamisi wanasema hivi.

Nimekata simu bila kwaheri. Mutheu hana kosa. Nitamwomba radhi.

Jumatatu, 28 Julai

Nimerudi kazini. Gauni la kawaida, mtandio mweusi, hakuna hereni.

Kabla ya mkanda niliitwa ofisini kwa Madam Carol, bibi wa HR, idara ya wafanyakazi. Anataka programu ya mazishi ili siku zangu zihesabiwe za msiba. Ile karatasi yenye picha ya marehemu, ratiba ya ibada na historia yake. Kila mtu huleta, akasema. Nikamwambia sisi hatuna hiyo. Nikampa kibali cha mazishi. Alikigeuza mbele na nyuma kama noti anayoitilia shaka. "Hakuna hata picha ya watu wakiwa kwa kaburi?" Sikuwa kaburini, nikamwambia. Mwishowe alikipiga kopi. Sikumchukia. Alikuwa anauliza kile ambacho kwake kila mtu huwa nacho.

Gitonga sikumwelewa. Hakunisalimu. Katika maombi ya asubuhi aliwaombea wanaozika watu wao kwa siri, Mungu awafungue mioyo. Nilisimama palepale nyuma, nimeinama. Kwa mara ya kwanza nilitoka kabla ya amina.

Ijumaa, 1 Agosti

Zamu mpya zimebandikwa. Kuanzia Jumatatu niko usiku, saa moja jioni hadi asubuhi. Wiki mbili usiku, wiki mbili mchana, mpaka msimu uishe.

Nilimfuata Gitonga. Nilimweleza eda polepole, kwa adabu. Kwamba nafanya kazi yoyote mchana, hata ya kubeba magunia. Usiku lazima nilale nyumbani. Mpaka mwishoni mwa Novemba tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo namkubalia. Kisha akasema wanawake wengine pale walifiwa na waume, wakakaa wiki moja, wakarudi usiku bila neno. Nikikupa wewe, akasema, kesho Mkorino atakuja na ya dini yake, kesho kutwa wa Sabato. Mkanda utabaki na nani? Halafu akaongeza kwa upole, na upole huo ndio uliniuma: "Njeri, wewe ni mtoto wa huku. Hii maneno ya eda ilikuwa ya bwana yako."

Nilirudi nyumbani nikiwa natafuta jibu.

Jumapili, 3 Agosti

Mama kapiga simu kutoka Gatundu. Alilia, akamsifu Rajabu, akauliza Salma anakula. Halafu akafika alikotaka kufika. Rajabu ameenda. Sasa nirudi nyumbani, nirudi kanisani, kiti changu kipo. Hakunilazimisha. Alisema tu nifikirie.

Nimefikiria siku nzima. Nisijidanganye humu ambamo hakuna anayesoma. Nilianza kwa sababu ya Rajabu. Nilitamka shahada nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nimempenda, ningetamka chochote. Lakini kuna mwaka alienda Garissa kutafuta kazi, akakaa karibu mwaka mzima. Nilikuwa peke yangu na mtoto mchanga, hakuna aliyeniona. Niliamka alfajiri kila siku kuswali. Kwenye baridi hiihii. Hakuna aliyeniambia niamke.

Kwa hiyo nilianza kwa sababu yake na nikabaki kwa sababu yangu. Kumbe jibu nilikuwa nalo.

Jumatatu, 4 Agosti

Saa moja jioni imepita. Sikuenda. Salma aliniuliza kama nimefutwa. Nikamwambia bado. Akaniuliza kama nitafutwa. Nikamwambia ale ugali.

Niliripoti asubuhi, kama niko zamu ya mchana, na askari wa getini alikataa kunifungulia. Jina langu halikuwa la mchana. Alinipa pole.

Jumatano, 6 Agosti

Barua imeletwa. Kukataa zamu. Kikao Ijumaa, naruhusiwa kuja na mfanyakazi mwenzangu mmoja. Mutheu amekubali kabla sijamaliza kuuliza. Ninaogopa. Mshahara wangu ndio uliobaki. Salma anaingia darasa jipya Januari, na mwenye nyumba ni mtu mzuri lakini si ndugu yangu. Bi Mwanahawa anasema riziki iko kwa Mungu. Anasema huku akinifungia unga wa kubeba kutoka nyumba yake, ambayo nayo haina kitu.

Nikipoteza kazi hii, nimepoteza. Naliandika waziwazi. Na usiku sitaenda. Hilo nalo naliandika waziwazi.

Ijumaa, 8 Agosti

Kikao. Chumba kidogo, Madam Carol, Gitonga, mimi na Mutheu.

Gitonga alieleza. Hakudanganya. Kazi yangu ni safi, sijawahi kuchelewa, lakini zamu ni ya wote na msiba ni msiba. Akarudia kwamba dini hii niliolewa nayo.

Madam Carol akaniuliza kama ni kweli. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema machache. Nilisema, "Madam, Rajabu hayuko tena kuniangalia. Ningetaka kuacha, saa hii ndio nafasi. Hakuna mtu angeniuliza. Mimi ndio nimesema nakaa."

Gitonga aliangalia meza.

Madam Carol akasema kitu ambacho nimekikumbuka njia nzima. Sheria inawakataza kumbagua mtu kwa dini yake, na yeye hataki kuivunja. Lakini sheria haikagui makadamia usiku. Idara yenu ikionyesha kwamba zamu zangu za usiku zinaweza kujazwa bila mkanda kupungua watu, atakubali na kuandika. Ikishindwa, hana njia. Mpaka Jumanne.

Nilitaka kumuuliza kwa nini kazi ya kutafuta njia ni yangu, mimi niliyefiwa. Kama angekuwa ameona ni haki yangu, angeitafuta yeye. Nilinyamaza kwa sababu nahitaji kazi. Nimekasirika mpaka sasa.

Jumatatu, 11 Agosti

Wamenirudisha mchana kwa muda. Wakati wa chai, nje nyuma ya ghala la maganda, Mutheu alisimama juu ya kreti. Mutheu ambaye huwa hasemi kitu zaidi ya kuimba. Ni Mkamba wa upande wa Yatta, ana mwili mdogo, sauti yake ikatoka kubwa.

Aliwakumbusha kamati. Kwamba wote walikuwa wamejitolea kwa ajili ya Rajabu, wakanyimwa nafasi ya kumzika, wakakasirika. Mchango ukarudishwa kila mtu kwake. "Sasa sikieni. Huyu hahitaji basi, hahitaji tenti. Anahitaji usiku. Mwenye alikuwa anataka kuzika na sisi, azike na usiku moja."

Nilitaka ardhi inimeze. Kusimama huku watu wanakuhurumia mbele yako ni kitu kibaya. Kisha mama mmoja wa upande wa kukausha, ambaye nina hakika ndiye aliyeanzisha yale maneno ya kutoroka, akasema atachukua mmoja. Halafu mwingine. Ikawa kama harambee yoyote, wa kwanza akishatoa wengine wanaona aibu kubaki.

Lakini mimi sikutaka harambee. Nilipanda kreti Mutheu aliposhuka. Nikawaambia sichukui bure. Wengi wenu mnalia kila mwezi kwamba zamu ya Jumapili mchana inawanyima kanisa. Mimi Jumapili haininyimi kitu. Kila atakayenishikia usiku, nitamshikia mchana wake, na Jumapili zenu nitazishika mimi. Hapo ndipo walipoamka kwelikweli. Vijana wawili walikaribia kupigana juu ya nani amesema kwanza.

Mutheu aliniambia nichague usiku wowote anishikie, isipokuwa Ijumaa. Nikamuuliza kuna nini Ijumaa. Akasita. Yeye ni Msabato. Jua likitua Ijumaa kwake Sabato imeingia. Zamu ikimwangukia huwa anakuja tu, na njia nzima anaomba msamaha. Miaka sita tumesimama bega kwa bega. Nyimbo zile zote alizokuwa anaimba, sijawahi kuuliza za kanisa gani. Na yeye alidhani mimi nainamisha kichwa kwa usingizi.

Jumanne, 12 Agosti

Madam Carol amekubali. Ameandika mpaka tarehe ya mwisho ya eda, na akasema mwingine mwenye sababu ya imani yake aje amwone kabla ya zamu kubandikwa, si baada. Gitonga alitia sahihi bila kuniangalia.

Leo nitalala kama mtoto.

Jumapili, 24 Agosti

Jumapili yangu ya kwanza. Kiwanda kimya, watu wachache, hakuna maombi marefu. Kengele za kanisa zilisikika mbali. Saa ya mapumziko nilitandika gunia safi nyuma ya ghala nikaswali. Hakuna aliyeniona, na hata angeniona leo, sawa.

Salma amenuna. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yetu ya kufua na kupiga gumzo. Ana haki ya kununa.

Jumatatu, 15 Septemba

Gitonga alinifuata kwenye mkanda saa ya kufunga. Tangu kikao hatujaongea zaidi ya kazi. Alisimama akichezea kalamu. Kisha akaniambia jana baada ya ibada alienda makaburini. Aliuliza watu wa msikiti, wakampeleka hadi kwa Rajabu. Alikuwa amenunua shada la maua. Aliyempeleka alimwambia wao hawana desturi hiyo, basi akabaki nalo mkononi mpaka mwisho, akarudi nalo nyumbani, mke wake amelitundika mlangoni.

Nilikaribia kucheka. Sikucheka.

Nikamuuliza, "Pakoje?"

Akashangaa. Ndipo akatambua kwamba mimi sijapaona. Alikaa juu ya gunia, mzee huyu wa kanisa, akanieleza taratibu kama anayemwelekeza mtu njia. Kaburi liko upande wa ukuta. Udongo umeshuka kidogo, umeshikamana. Nyasi zimeanza kichwani. Kuna kipande cha ubao, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe, herufi ya mwisho imebanwa kwa sababu nafasi iliisha. Jirani yake ni mtoto. Pana utulivu, akasema, ukiondoa ndege.

Akasema alisimama akamwambia Rajabu yale ambayo angeyasema kwenye mazishi. Hakuniambia ni yapi. Akasema pole kwa ile sala ya siku ile. Nikamwambia imepita. Haijapita kabisa, lakini nilitaka ipite.

Nimelia kwa sababu ya ile herufi iliyobanwa. Sijui kwa nini hiyo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimechoka. Jumapili zote, tangu Agosti. Miguu imevimba. Kijana mmoja aliyeahidi usiku wa jana hakutokea, na leo asubuhi nilijua wataniita ofisini. Hawakuniita. Mutheu, ambaye alikuwa zamu hiyo, anasema Gitonga alivaa neti ya nywele, akasimama mahali pangu hadi kulipokucha. Ni mbovu kabisa katika kuchambua, anasema. Anaacha nyeusi zinapita.

Leo maombi ya asubuhi yalikuwa mafupi. Alisema anayetaka kuomba kwa njia yake aombe, asiyetaka aanze kuvaa glavu. Karibu wote walibaki. Mimi pia nilibaki. Ni tofauti kubaki ukiwa unaweza kuondoka.

Jumamosi, 22 Novemba

Eda imeisha. Bi Mwanahawa alikuja asubuhi na udi, nguo mpya ya maua na mafuta ya nazi. Nilioga. Alinifukiza, akanivalisha kama bibi harusi, naye akilia kimyakimya. Alinirudishia hereni zangu, alikuwa amezitunza kwake.

Nilidhani nitafurahi. Kwa miezi hii nilikuwa na kitu cha kufanya kwa ajili yake kila siku, hata kama ni kulala tu. Sasa sina. Sasa ndiyo amekufa.

Mama alipiga simu. Sikusema mengi. Nilimwambia Krismasi nitamleta Salma amsalimie, na kwamba nitakuja nikiwa Zainabu. Akauliza kama Zainabu bado anapenda irio za viazi na njegere. Nikasema sana.

Mvua imenyesha mchana kutwa. Nimekitoa kisu cha Rajabu juu ya kabati nikampelekea kijana aliyechukua nafasi yake machinjioni. Kisu kizuri hakifai kukaa bure.

Ijumaa, 28 Novemba

Naandika nikiwa chumba cha kubadilishia nguo, Thika. Zamu haijaanza. Nimefika mapema.

Wiki hii majina ya usiku yalipobandikwa, Mutheu alikuwa wa Ijumaa. Nilienda kwa Madam Carol kabla yake. Nikamwambia aandike langu, leo na Ijumaa zake zote zinazokuja. Akauliza kama ni eda nyingine. Nikamwambia si yangu. Mutheu alipoambiwa alinishika mkono tu, akageuka, akaendelea kuchambua. Hakuimba mpaka jioni.

Salma amelala kwa bibi yake. Nimebeba chai kwenye chupa ya Rajabu. Nimeitia sukari yake, ile ile kibao. Ni tamu kupita kiasi. Nimeinywa yote.

Dirishani jua linatua. Upande wa Yatta mawingu yamekuwa mekundu. Mutheu sasa hivi yuko nyumbani, ameshafunga kazi, ameshaoga, anaingoja Sabato yake.

Naenda kuvaa neti.